Hakuna Aibu Kugeuka Nyuma

Katika nchi ya Norway iko kanuni moja ambayo watoto wa shule huijua kama watoto wetu waijuavyo hesabu ya kuzidisha. Kanuni hiyo yasema kwamba mtu aliye mlimani ageuke mapema mambo yakianza kuharibika, na kwamba kugeuka si aibu. Kwa miaka mingi imechapishwa hata ndani ya karatasi ya chokoleti moja maarufu nchini humo, chokoleti ambayo watu hawakosi kuitia shantani waendapo safari za theluji; ukiisha kula, kanuni imebaki mkononi. Nataka kueleza kwa nini watu wale waliona haja ya kuandika neno dogo kama hilo mpaka kwenye karatasi ya kitu kitamu, kisha nitathubutu kusema kwa nini naona shule yetu inalihitaji neno hilo kuliko inavyoihitaji chokoleti.

Kwanza safari yenyewe, maana wengi wetu tumeiona katika picha tu. Majira ya baridi ya Norway ni marefu, na theluji ya milimani hukaa mpaka mwezi wa Mei, pengine kuupita. Pasaka inapofika jua limeanza kurudi lakini theluji bado tele, na siku za sikukuu ni nyingi. Ofisi na shule hufungwa, mitaa ya Oslo hubaki kimya kama mabweni yetu wakati wa likizo, na marafiki wanne watano hupanda treni kwenda milimani. Kila mmoja ana skii zake, yaani mbao mbili nyembamba, ndefu kupita kimo cha mtu, zilizopinda mbele kama omo ya ngalawa. Ncha ya kiatu hufungwa juu ya ubao, kisigino huachwa huru, na mikononi hushikwa fimbo mbili za kujisukuma. Chini ya mbao hupakwa nta, na nta yenyewe si moja: iko ya theluji kavu ya baridi kali, na iko ya theluji iliyoanza kulowa. Aliyekosea nta huteleza kinyumenyume akipanda kilima, au theluji humganda chini ya mbao akawa kama mtu aliyevaa matofali.

Hawaendi kushindana. Huenda kutwa kutoka nyumba moja ya mlimani mpaka nyingine, labda kilomita kumi na tano au ishirini, wakisimama njiani kunywa chai ya chupa na kumenya machungwa. Nyingi za nyumba hizo ni za chama cha wapenda milima kilichoanzishwa mwaka 1868. Baadhi hazina mlinzi: mwanachama hufungua mlango kwa ufunguo wake, hukuta kuni, vitanda, na stoo ya vyakula, hula anachotaka, huandika mwenyewe alichokula, kisha hulipa. Nimewaza mara nyingi stoo ya namna hiyo ingedumu siku ngapi katika mabweni yetu, lakini hayo tuyaache kwa leo.

Nilibahatika kukaa masomoni katika nchi hiyo miaka miwili, na rafiki zangu wa chuoni walinifundisha kuteleza kwa skii. Sitasimulia nilivyoanguka. Yatosha kusema kuwa watoto wa miaka minne walinipita wakinitazama kwa huruma, na kwamba mtu mzima aliyelala chali thelujini na mbao mbili ndefu miguuni hana heshima iliyosalia ya kuilinda. Lakini nilipoweza walau kusimama, nilifahamu kwa nini watu wale huingoja Pasaka mwaka mzima. Mbele yako ni uwanda mweupe usio na mti wala kichuguu. Husikii kitu ila mbao zikikata theluji. Na jioni watu watano wamebanana mezani, nguo zao zinafuka mvuke juu ya jiko, wanacheza karata na kusimuliana mambo ambayo mjini wasingeyasema. Urafiki hukua upesi mahali pa namna hiyo. Na humo ndimo hatari yake ilimo, kama nitakavyoonyesha.

Hatari za mlima wenyewe ni mbili kubwa. Moja ni upepo. Katika nyanda za juu kama Hardangervidda hakuna mti wala ukuta wa kuuzuia. Ukiinuka ukairusha theluji ya chini, na mawingu yakashuka, mbingu na nchi huwa rangi moja. Mtu hajui kama mbele yake ni tambarare au genge. Njia huwekewa vijiti vilivyochomekwa thelujini kimoja baada ya kingine, lakini hali hiyo ikizidi, ukisimama penye kijiti cha kwanza huoni cha pili. Aliyelowa jasho akasimama, joto la mwili humkimbia. Kwanza hutetemeka; kisha huacha kutetemeka, akaanza kusema maneno yasiyo na mpango, na hapo hali yake imekwisha kuwa mbaya sana.

Nyingine ni maporomoko ya theluji. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka majira yote, na huenda tabaka dhaifu, lenye chembe kama za sukari, likafunikwa na tabaka gumu. Mteremko mkali, hasa wa nyuzi 30 mpaka 45, huweza kuubeba mzigo huo kimya siku nyingi, mpaka mtu apite juu yake. Hapo tabaka la juu hukatika kama kigae na kushuka zima zima. Katika ajali nyingi zinazoua watu wa skii, aliyeiangusha theluji ni yeye mwenyewe aliyefukiwa, au mwenzake wa safari. Akifukuliwa ndani ya dakika kumi aghalabu huishi. Zikipita dakika 35, wengi huwa wamekwisha kufa kwa kukosa pumzi. Ndiyo maana wapitao penye miteremko hiyo huchukua koleo, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na kijiredio cha kifuani kinachotoa ishara. Askari hatafika kwa dakika kumi, wala daktari. Watakaokufukua ni rafiki zako, au si mtu.

Kanuni za mlimani za Wanorway zilitangazwa kwanza mwaka 1952. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1967 watu 18 walikufa milimani, na baada ya hapo kanuni zikatangazwa upya nchi nzima kwa bidii kubwa. Zimeandikwa upya mwaka 2016, nazo ni tisa. Panga safari yako na kumwambia mtu uendako, sikiliza habari za hewa, chukua ramani na dira, ujue daima ulipo, na kadhalika. Zote hizo ni kanuni za vyombo na maarifa. Ya nane ndiyo ile ya kugeuka, nayo haitaji chombo chochote. Yahusu haya tu. Fikirini, ndugu wasomaji: watu ambao husemwa kwa mzaha kuwa huzaliwa na skii miguuni wameona kwamba haitoshi kujua baridi na kusoma ramani, maana mtu aweza kuyajua yote hayo akafa kwa kuona haya, basi wakaona afadhali wamwondolee haya hiyo kwa maandishi.

Mtu aliye peke yake mlimani akiingiwa na hofu, hugeuka. Hana wa kumwogopa. Watu watano wakiingiwa na hofu, kila mmoja hutazama nyuso za wale wanne. Huona zimetulia. Hajui kwamba nao wanautazama uso wake, na kwamba yeye pia amejitahidi kuutuliza. Basi wote watano huendelea mbele, kila mmoja amedanganywa na utulivu ambao haukuwapo.

Si mawazo yangu tu. Mtafiti Ian McCammon alichunguza ajali 715 za maporomoko ya theluji zilizotokea Marekani kati ya mwaka 1972 na 2003. Katika maandishi yake ya mwaka 2004 alionyesha kwamba wengi wa walionaswa walikuwa na dalili za hatari mbele ya macho yao, na wengi walikuwa wamefundishwa kuzitambua. Kilichowaponza ni mambo ambayo kila mkuu wa bweni anayajua: kuzoea mahali, kushikilia jambo lililokwisha azimiwa, kutaka kusifiwa na wenzi, kumwachia mmoja anayeonekana mjuzi awafikirie wote.

Tarehe 19 Februari 2012, katika milima ya jimbo la Washington huko Marekani, watu 16 walikusanyika juu ya bonde liitwalo Tunnel Creek. Hawakuwa wanagenzi. Miongoni mwao walikuwamo mafundi mashuhuri wa mchezo huo, waandishi wa magazeti yake, na wenyeji walioyajua mabonde yale kama sisi tuijuavyo njia ya kisimani. Onyo la hatari ya maporomoko lilikuwa limetolewa. Wakateremka, theluji ikakatika, watatu wakafa. Waliosalia walipohojiwa, baadhi walisema kwamba walikuwa na wasiwasi kabla ya kushuka, wakiona kundi ni kubwa mno. Lakini kila mmoja alijiambia kuwa penye wajuzi wengi kama hao, kama kuna jambo, mmoja angesema. Hakusema mtu. Habari hiyo mimi naiona yatisha kuliko hadithi yoyote ya simba.

Wala tusijidanganye kuwa hayo ni ya Wazungu na theluji yao. Sisi tunazo methali tayari za kumsukuma mtu mbele. Maji ukiyavulia nguo, twaambiana, huna budi kuyaoga. Nani aliyeamuru? Ukiyavulia nguo kisha ukamwona mamba, vaa nguo zako. Kifo cha wengi arusi, twasema tena. Nami sijapata kualikwa arusi ya namna hiyo. Walakini wahenga hawakuwa na kauli moja. Wao pia walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, ila hiyo hatuisemi sana shuleni, labda kwa kuwa haipendezi kuandikwa katika fulana za michezo.

Nitasimulia moja tu la kwangu. Pasaka ya pili tulikuwa watano. Tulishuka katika stesheni ya Finse, iliyo juu kuliko zote katika reli ya Oslo na Bergen, mita 1,222, tukalala, na asubuhi tukaanza safari kwa jua zuri. Tulipokuwa tumekwenda kama saa mbili, nyumba ya pili ingali mbali, upepo ulianza kuvuma na upande wa magharibi ukafifia. Mkubwa wetu, aliyekwisha pita njia ile mara nyingi, alisema litapita. Sote tuliitika. Ndipo mdogo wetu kwa umri, msichana wa mwaka wa kwanza, aliposimama akasema, "Mimi siipendi hali hii. Naona turudi."

Aliulizwa ameona nini. Alisema hajaona kitu zaidi ya tulichokiona wote. Mmoja akamkumbusha kuwa vitanda vimekwisha lipiwa. Tulisimama kitambo, kila mmoja akizitazama ncha za skii zake. Kisha mkubwa wetu, na hapo niliona kwa nini alikuwa mkubwa, akasema, "Mmoja akitaka turudi, twarudi. Ndivyo tulivyopatana." Tukageuka.

Jioni ile tulikaa dirishani kungoja tufani ije kututolea ushahidi. Haikuja. Upepo ulivuma kidogo, ukachoka, na usiku nyota zikatoka zote. Wawili wetu walinuna mpaka saa ya kulala. Yule msichana alikula chakula chake bila kuinua macho.

Jambo hilo nimelifikiri miaka mingi. Mtu anayewasukuma wenzake mbele wakafika salama, hupata ushahidi kuwa alikuwa na haki, hata kama waliokoka kwa bahati tu. Mtu anayesema turudi hapati ushahidi kamwe. Wakirudi, msiba aliouepusha hauonekani, maana haukutokea. Labda alikuwa na haki, labda hakuwa, hakuna atakayejua. Mara kumi ataonekana kuwa amewaharibia wenzake sikukuu, na katika mara hizo kumi huenda amewaokoa mara mbili, na hizo mbili hazina alama. Kwa hiyo haifai kungoja matokeo ndipo tumheshimu, kwa sababu matokeo hayatamtetea. Heshima yake sharti iwekwe kabla ya safari kuanza, kama vile mkubwa wetu alivyokuwa amepatana nasi mapema, na kama Wanorway walivyoiweka katika kanuni.

Sasa nije nyumbani. Klabu yetu ya wapanda milima huenda Kilimanjaro kila mwaka. Uwanja wa kuteleza kwa skii hatuna, na barafu ya kileleni inazidi kupungua. Adui wetu kule ni hewa. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya bahari, na pumzi moja huko humpa mtu kama nusu tu ya oksijeni aipatayo pwani. Aliyepanda upesi kuliko mwili ulivyoweza kuzoea huumwa kichwa, hukosa hamu ya kula, hutapika. Akipuuza, mapafu yaweza kujaa maji au ubongo ukavimba, na dawa iliyo kuu ni kushuka, tena mara moja. Ugonjwa huo hauna heshima kwa mtu: hodari wa mbio aweza kulemewa na mnyonge akapita. Waongoza wageni wa huko wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana neno lao la njia nzima ni pole pole.

Katika safari ya Juni, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alifika Kibo, zaidi ya mita 4,700, kichwa kikimpasuka. Alimwambia kiongozi wake ukweli, akashushwa, na alipofika Horombo alikuwa amepata nafuu. Alifanya kama alivyofundishwa. Tangu arudi amepewa jina: Bwana Turudi. Nimelisikia jina hilo bwenini, uwanjani, na penye foleni ya chakula. Na mara moja, nasikitika kusema, nimelisikia katika chumba cha walimu. Nilimwuliza mwenyewe kama linamwudhi. Alicheka. Hucheka sana siku hizi. Katika safari ya Desemba hakujiandikisha.

Lakini si yeye ninayemhofia zaidi, maana yeye yuko salama. Namhofia yule atakayekuwa Kibo mwezi wa Desemba usiku wa manane, kichwa kikimpasuka, akalikumbuka jina hilo, akanyamaza.

Najua nitakavyojibiwa, hasa na walimu wenzangu wanaosimamia michezo, ambao nawaheshimu. Watasema kwamba tukiwafundisha vijana kugeuka tutalea kizazi cha kuacha kila jambo gumu. Kwamba shule hii haikujengwa na watu waliogeuka. Hoja hiyo ni nzito, wala sitaki kuipita mbio. Mvivu yupo, na mlimani pia huenda. Yupo atakayesema turudi kwa sababu malengelenge yanamwuma au kwa sababu chai imepoa. Lakini tutazame mifano ya watu ambao hakuna awezaye kuwaita wavivu.

Roald Amundsen, Mnorway aliyekuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini ya dunia, alijaribu mwaka 1896, akiwa kijana, kuivuka Hardangervidda kwa skii pamoja na ndugu yake Leon. Tufani iliwapoteza, wakalala thelujini, na Roald nusura agande humo kama ndugu yake asingemchimbua. Hawakuivuka, walirudi upande ule ule walikotoka. Mwaka 1911 akiwa Kusini alifanya haraka kuianza safari yake kubwa, akaondoka tarehe 8 Septemba kabla baridi haijapungua. Baridi ikashuka mpaka nyuzi 56 chini ya sifuri. Akageuka. Akaondoka tena mwezi wa Oktoba, na tarehe 14 Desemba 1911 akafika yeye na wenzake wanne, na wote watano wakarudi wazima. Huyo ndiye mtu wa kugeuka. Mlima haukuhama, wala Ncha ya Kusini haikuhama.

Na kwa kuwa nataka kuwa mkweli, nitaongeza upande wa pili wa habari ile ya Septemba. Siku ya mwisho ya kurudi, Amundsen alitangulia na mbwa wake hodari, wengine wakaachwa nyuma wametawanyika katika baridi. Mmoja wao, Prestrud, alikuwa ameumia miguu kwa baridi, akasaidiwa na Hjalmar Johansen mpaka wakafika usiku sana. Asubuhi Johansen alisema mbele ya wote kwamba kiongozi hapaswi kuwaacha watu wake hivyo. Alisema kweli, na kwa kusema kweli aliondolewa katika kundi la kwenda Nchani. Kwa hiyo hata mtu mkubwa aliyejua kugeuka hakuweza kumvumilia mtu mwenye kinywa. Somo hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya baridi kule Nagano, Japani, Mnorway mwingine alifanya kinyume chake. Bjørn Dæhlie alishinda mbio za skii za kilomita 10, kisha akakaa kungoja kama dakika ishirini, mpaka alipofika mtu wa mwisho, Mkenya Philip Boit, akamkumbatia penye mstari. Utoaji wa medali ulicheleweshwa kwa ajili hiyo. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Daehlie. Naitaja habari hii kwa kuwa wako wanaodhani kwamba mwenye nguvu hupungukiwa akimngoja mwenzake.

Kuhusu mvivu, basi, jibu langu ni hili. Tofauti ya kuacha na kugeuka hujulikana mapema, nyumbani, kabla ya miguu kuuma. Kundi na liandike kabla ya kuondoka: saa fulani ikifika hatujafika mahali fulani, twarudi, mtu akitapika mara mbili, anashuka na mwenzake, upepo ukiwa hivi, hatutoki. Anayegeuka kwa mambo yaliyoandikwa hana haja ya kujitetea. Na anayesema turudi kwa jambo ambalo halikuandikwa asikilizwe mpaka mwisho, bila kicheko, kisha kiongozi aamue. Mvivu hatapata faida hapo. Atalazimika kutaja sababu yake mbele ya wote, na malengelenge hayakuandikwa.

Naomba pia kwamba viongozi wa klabu, kila kituoni, wawaulize watu wote hali zao mmoja mmoja, wakianza na mdogo. Kiongozi akisema kwanza kwamba yeye yuko tayari, hakuna wa Kidato cha Pili atakayesema hayuko tayari.

Ninyi wazazi wetu nawaomba moja. Mtoto akirudi kutoka mlimani, neno la kwanza tunalomwuliza ni: ulifika? Limo katika ulimi wa kila mtu, hata wangu. Tumetoa ada ya safari, tumenunua viatu na sweta, twataka kusikia kilele. Lakini mtoto hulijua swali hilo tangu siku anapoondoka nyumbani, akalibeba shantani mpaka juu, nalo ni zito kuliko blanketi. Mwulizeni kwanza nani aliumwa njiani, na wenzake walimfanyia nini.

Limebaki jambo la ubao. Ukumbini mwetu, upande wa kushoto wa jukwaa, upo ubao wa majina kwa rangi ya dhahabu ya wanafunzi waliofika kilele cha Uhuru. Naona uandikwe majina ya wote waliokwenda, kila safari na watu wake. Baadhi ya wanafunzi wa Kidato cha Nne wamekwisha niambia kuwa hilo litawapunguzia sifa waliofika. Hao wanazo picha zao kileleni, na vyeti vyao vya hifadhi, na watazisimulia safari zao mpaka uzeeni. Ubao ni wa shule, na shule ilipeleka kundi. Mwalimu wa klabu amenijulisha kuwa nafasi ipo, na kwamba rangi imebaki nusu kopo. Waliokwenda mwezi wa Juni walikuwa 14, na yameandikwa majina 13.